Fremu ya picha ya kidijitali: kuiandaa na kuijaza picha zinazoonekana vizuri

Fremu ya picha ya kidijitali ina akili ndogo kuliko simu yako, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Simu hukufanyia mengi kimyakimya: huinua picha iliyolala ubavu, husoma karibu kila aina ya faili, na hukuruhusu uvute picha kwa vidole mpaka uone unachotaka. Fremu, hasa zile za bei ya chini, huchukua ilichopewa na kukionyesha kilivyo. Ndiyo maana utakuta fremu mpya kabisa inaonyesha bibi harusi amelala, wageni waliokatwa vichwa, au ujumbe kwamba faili halisomeki. Fremu haijaharibika. Kazi kubwa hufanyika kabla kadi haijachomekwa wala picha haijatumwa, kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana hapo na kupita haraka kwenye vitufe.

Hatua ya 1: Ijue fremu yako

Igeuze uangalie mgongo na kingo zake. Ukiona tundu la kadi ya memori au la USB, unaweza kuijaza picha bila intaneti. Boksi likiwa limeandikwa Wi-Fi, basi inaweza pia kupokea picha kutoka kwenye simu, hata anayezituma akiwa nchi nyingine. Nyingi za siku hizi zina njia zote mbili. Zipo chache, kama za kampuni ya Aura, ambazo hazina tundu la kadi. Kila picha lazima ipitie kwenye seva za kampuni, yaani kompyuta zake za mtandaoni. Zinapendeza na ni rahisi kutumia, lakini kwa nyumba isiyo na intaneti ya uhakika nisingezishauri. Hata intaneti ikiwepo, kifaa kinachotegemea seva za kampuni kinaishi kwa muda ambao kampuni yenyewe itaamua kukihudumia. Tundu la kadi halina masharti hayo. (Wazo hili la kutumiana picha si jipya: fremu ya Ceiva, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilichomekwa kwenye waya wa simu ya mezani na kupiga simu yenyewe usiku ili kuvuta picha mpya.)

Sasa tafuta kwenye boksi au kijitabu vipimo vya skrini kwa pikseli, vile vidoti vidogo vinavyounda picha. Inchi peke yake hazitoshi. Fremu nyingi za inchi 10 zina pikseli 1280 kwa 800, nyingine 1024 kwa 600. Ndogo za inchi 7 unaweza kukuta 800 kwa 480. Na zipo za inchi 8 zenye 1024 kwa 768, ambazo umbo lake linakaribia mraba zaidi. Andika namba hizo mbili mahali, utazihitaji mara kadhaa huko mbele.

Kabla ya kuwasha, neno moja kuhusu umeme. Fremu nyingi hazina betri. Zinaishi kwenye adapta. Baadhi hutumia volti 5, nyingine 12, na vichwa vya waya vinaweza kufanana kabisa. Kuchomeka adapta ya volti 12 kwenye fremu ya volti 5 kunaweza kuiunguza. Tumia ile iliyokuja nayo, na kama nyumbani kuna adapta nyingi, ibandike jina.

Hatua ya 2: Chagua picha, usimwage albamu nzima

Kishawishi ni kuchukua kila kilichomo kwenye simu na kukimimina. Piga hesabu kwanza. Ukiweka kila picha ikae sekunde 30, picha 200 zitazunguka kwa dakika 100. Picha 2,000 zitahitaji karibu saa 17. Fremu inayozimwa usiku na kuanza upya asubuhi kutoka picha ya kwanza haitafika mwisho hata siku moja. Wale wa picha ya 1,900 hawataonekana milele. Kati ya 100 na 200 zinatosha kwa kuanzia, na ukizibadilisha kila baada ya muda fulani watu wataendelea kuitazama fremu.

Toa kwanza picha za skrini, risiti, nyaraka na zile za kulinganisha bei ulizopiga ukasahau. Palipo na picha tatu za tukio lilelile, bakiza moja. Halafu fikiria umbali: fremu hutazamwa mtu akiwa amekaa upande wa pili wa chumba. Kundi la watu arobaini mbele ya jengo, kwenye skrini ya inchi 7, litakuwa vidoti. Picha za mtu mmoja hadi wanne, nyuso zikiwa kubwa na mwanga ukiwa wa kutosha, ndizo zinazofanya kazi.

Picha zilizopitia WhatsApp zinadharauliwa bure kwa shughuli hii. Ni kweli hupunguzwa ubora zinapotumwa kwa njia ya kawaida, lakini mara nyingi hubaki na pikseli za kutosha kwa skrini ya 1280 kwa 800. Hasara yake iko kwingine: kwa kawaida hupoteza taarifa za tarehe iliyopigwa, hivyo ukiiambia fremu ipange picha kwa tarehe zitachanganyikana. Hilo tutalitibu kwenye majina.

Hatua ya 3: Andaa picha

Tengeneza folda mpya kwenye kompyuta, iite Fremu, na unakili humo picha ulizochagua. Nakili, usihamishe. Yote yanayofuata yanafanyika kwenye nakala hizi. Picha zako halisi zisiguswe.

Anza na aina ya faili. Lugha ambayo fremu zote zinaielewa ni JPEG. Tatizo la kawaida ni picha za iPhone: tangu mfumo wa iOS 11 wa mwaka 2017, simu hizo huhifadhi picha kwa aina ya faili iitwayo HEIC, na fremu nyingi haziijui. Kwa picha zijazo, ingia Settings, kisha Camera, kisha Formats, uchague Most Compatible. Kwa zilizokwishapigwa, nenda kwenye mipangilio ya Photos, sehemu ya Transfer to Mac or PC, uweke Automatic. Ukizihamisha kwa waya zitatoka zikiwa JPEG. Mwenye Mac anaweza kuzichagua zote kwa mpigo, akabofya kulia, akaenda Quick Actions na Convert Image.

Kuna JPEG nyingine yenye hila. Picha zilizopakuliwa kutoka tovuti mara nyingi huhifadhiwa kwa mtindo uitwao progressive, ule unaoanza na ukungu na kuzidi kung'aa kadiri picha inavyoshuka. Kompyuta haioni tofauti, ila fremu kadhaa huikataa. Ukiona picha moja inagoma kati ya mia na jina lake linaishia na .jpg kama wenzake, mshuku huyo. Ifungue kwenye programu ya picha, uihifadhi upya bila kuweka alama penye neno progressive.

Kisha geuza zilizolala. Unaposhika simu wima, kamera mara nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala vilevile kama ilivyosomwa na kihisi cha mwanga cha kamera, halafu inaacha maelezo ndani ya faili: ukionyesha hii, izungushe nyuzi 90. Simu na kompyuta husoma maelezo hayo. Baadhi ya fremu hazisomi, ndiyo sababu picha iliyokuwa wima kwenye kompyuta inageuka ubavu ukutani. Dawa ni kuigeuza kikweli, yaani pikseli zenyewe. Programu ya bure ya IrfanView kwenye Windows ina amri ya kugeuza kundi zima kwa kufuata maelezo hayo. Jaribu kwanza picha mbili tatu za wima kwenye fremu. Zikisimama vizuri, ruka kazi hii yote.

Sasa tufike penye vichwa kukatwa, na hapa nitakaa kidogo. Picha ya kawaida ya simu ina uwiano wa 4 kwa 3. Skrini ya 1280 kwa 800 ina uwiano wa 16 kwa 10, ni pana zaidi. Picha iliyopigwa kwa mlalo ikitandazwa ijaze skrini yote, itapoteza sehemu moja kati ya sita ya urefu wake, nusu juu na nusu chini. Hilo linavumilika, ila kama kichwa cha mtu kilikuwa karibu na ukingo wa juu, ndicho kitakachoondoka. Picha ya wima ni balaa zaidi. Ukiiacha ionekane yote, itachukua pikseli 600 tu katikati ya skrini ya 1280, na zaidi ya nusu ya skrini itabaki nyeusi. Ukiilazimisha ijaze, zaidi ya nusu ya picha yenyewe inakatwa, na fremu hukata bila kujua uso uko wapi: mtu aliyesimama kuanzia kichwani hadi viatuni atabaki kiuno na mikono.

Kwa hiyo usiiachie fremu uamuzi huo. Fungua picha muhimu moja moja, chagua kifaa cha kukata, weka uwiano wa 16:10 (au ule unaolingana na namba ulizoandika), sogeza kisanduku mpaka uso ukae pazuri, hifadhi. Kwa picha ya wima ya mtu mzima una njia mbili: kata ubakize kuanzia kifuani kwenda juu, au weka picha mbili za wima ubavu kwa ubavu kwenye turubai moja (picha tupu) ya 1280 kwa 800. Hii ya pili ni kazi kidogo zaidi lakini inapendeza sana, hasa ukimpanga mtu yuleyule akiwa mtoto na akiwa mkubwa. Kama picha zako nyingi ni za wima, suluhisho jepesi kuliko yote ni kuisimamisha fremu yenyewe wima, nyingi zinakubali.

Baada ya kukata, punguza ukubwa. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa 3000, wakati skrini yetu ina milioni moja na kidogo. Fremu inalazimika kusoma milioni 12 ili ionyeshe moja, na kwa kichakato chake dhaifu utaona inasita, inagandisha, au inaruka picha. Zipunguze zote ziwe na upana wa pikseli 1280. Kwenye Windows, kifurushi cha bure cha Microsoft kiitwacho PowerToys kina Image Resizer: chagua picha zote, bofya kulia, andika vipimo, basi. Kwenye Mac, ileile Convert Image inakupa saizi za kuchagua. Faili lililokuwa na MB 4 litashuka, mara nyingi chini ya KB 500, na kwa macho yako hakuna kitakachopungua. Picha ndogo kuliko skrini usizikuze. Zitatoka na ukungu.

Mwisho, majina. Fremu nyingi hupanga picha kwa herufi za jina, na kwa hesabu hiyo picha iitwayo 10 hutangulia 2. Andika 001, 002, 003. Ukitaka zichanganywe ovyo, usijisumbue.

Hatua ya 4: Kwa wenye kadi au flashi

Kadi ya GB 8 inatosha na kubaki. Si suala la ubahili: fremu nyingi, hasa za zamani, hazisomi kadi inayozidi GB 32. Kadi za hadi GB 32 kwa kawaida huja zikiwa zimeumbizwa (format) kwa mpangilio uitwao FAT32, ambao fremu zinauelewa. Kuanzia GB 64 huja na mpangilio mwingine, exFAT, na hapo fremu hukaa kimya kana kwamba hujachomeka chochote. Ukiumbiza kadi wewe mwenyewe, chagua FAT32, na ukumbuke kwamba kuumbiza kunafuta kila kilichomo.

Nakili picha, uzihesabu, kisha iondoe kadi kwa amri ya Eject. Kuichomoa tu kunaweza kuacha faili la mwisho likiwa nusu, na fremu ikifika hapo itaganda. Waliotumia Mac wana jambo la ziada: kompyuta hiyo huacha kwenye kadi mafaili yaliyofichwa ambayo majina yake huanza na nukta na mstari wa chini. Wewe huyaoni, fremu inayaona, inadhani ni picha, na kila baada ya picha nzuri inakuonyesha alama ya picha iliyovunjika. Ichomeke kadi kwenye kompyuta ya Windows, ruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, uyafute.

Kadi kubwa ya SD ina kikufuli kidogo cha plastiki ubavuni. Kikishushwa upande wa Lock, kompyuta itakataa kuandika chochote, na watu wameshatupa kadi nzima kwa ajili ya kikufuli hicho.

Izime fremu, chomeka, washa. Isiposoma yenyewe, tafuta kwenye menyu mahali pa kuchagua chanzo. Ikiwa ina hifadhi ya ndani, nakili picha humo uchomoe kadi; utabaki na kadi kwa ajili ya toleo lijalo.

Hatua ya 5: Kwa wenye Wi-Fi

Fremu ikikataa kuuona mtandao ambao simu inauona vizuri, sababu ya kwanza ya kuishuku ni masafa. Fremu nyingi hutumia gigahezi 2.4 tu, na ruta inaweza kuwa inatangaza mtandao wa gigahezi 5 kwa jina tofauti. Chagua ule wa 2.4. Ukitumia intaneti ya iPhone 12 au mpya zaidi, washa Maximize Compatibility kwenye mipangilio ya hotspot. Mitandao inayokufungulia ukurasa wa kujaza jina au namba ya chumba, kama ya hoteli na mabweni, haifai, maana fremu nyingi hazina pa kuufungulia ukurasa huo.

Ikishaunganika, ipe jina, weka saa na eneo, na uiache ipakue masasisho. Kisha pakua kwenye simu programu iliyotajwa kwenye kijitabu. Fremu za chapa nyingi tofauti hutumia programu moja, Frameo: fremu hukuonyesha namba maalumu, unaiingiza kwenye simu, mmeshafahamiana. Kwa Frameo picha hukaa ndani ya fremu yenyewe, hivyo intaneti ikikatika zilizokwishaingia zinaendelea kuonekana. Video zina kikomo cha sekunde 15 kwa matumizi ya bure.

Unapotuma, programu hukuonyesha kisanduku cha sehemu itakayoonekana. Watu hukipita haraka. Kisogeze kwenye uso kabla ya kubonyeza kutuma. Ni kazi ileile ya kukata tuliyoifanya juu, imefupishwa. Tuma kwa mafungu madogo, si mia mbili kwa pamoja.

Ile namba ya kuunganisha ni ufunguo. Mwenye nayo anaweza kuitia picha yoyote sebuleni kwenu, kwa hiyo usiiweke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mzima. Na kwa kuwa fremu ni kompyuta ndogo isiyosasishwa mara kwa mara, kama ruta yako ina mtandao wa wageni, iweke huko. Mwaka 2008 ziliwahi kuuzwa Marekani fremu mpya zikiwa tayari na virusi vya kompyuta ndani.

Ukiwa unampelekea mzazi anayeishi mbali, fungua boksi mwenyewe, malizia kila kitu, tia picha, unganisha simu za ndugu wanaohusika. Kinachobaki ni Wi-Fi ya kule, na kuna ujanja wake: ulizia jina la mtandao wao na nenosiri, herufi kwa herufi, kubwa na ndogo. Ipe hotspot ya simu yako jina na nenosiri hilohilo, uiunganishe fremu. Mara nyingi ikifika kule na kuchomekwa itajiunga yenyewe, ikidhani ni mtandao uleule iliouzoea, na mzee hatagusa kitu.

Hatua ya 6: Mipangilio

Muda wa kila picha ukiwa sekunde 3 kama baadhi zinavyotoka kiwandani, fremu inageuka kero ya pembeni mwa jicho. Anza na 30, panda hadi dakika kadhaa. Zima mbwembwe za picha kuzunguka na kuchanika vipande. Bakiza kufifia tu. Kama kuna chaguo la kujaza pembe kwa ukungu wa picha yenyewe badala ya weusi, lichukue. Punguza mwangaza, hasa chumbani. Zima sauti ya video.

Weka saa za kuwaka na kuzima. Fremu nyingi za kadi husahau saa umeme ukikatika, na ratiba yote inavurugika, kwa hiyo fremu ikiwaka saa nane usiku angalia saa kwanza.

Iweke mahali ambapo jua haliipigi moja kwa moja, usawa wa macho ya aliyekaa. Skrini ambazo si za IPS (aina inayoonekana vizuri kutoka pembe nyingi) hubadilika rangi ukizitazama kutoka juu au chini, hivyo mwinamo wa stendi una maana. Ifute kwa kitambaa laini kikavu. Dawa ya kusafishia vioo isipuliziwe kwenye skrini.

Hatua ya 7: Kabla ya kuigawa au kuiuza

Chomoa kadi, kwani ndiyo inayosahaulika. Kisha ingia kwenye mipangilio ya mfumo ufanye Factory Reset (kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani), maana kufuta picha tu kunaacha nenosiri la Wi-Fi na orodha ya simu zilizounganishwa. Kama fremu ilisajiliwa kwa akaunti yako, iondoe pia kwenye programu ya simu, vinginevyo mwenyewe mpya anaweza kushindwa kuisajili, au picha utakazotuma mwezi ujao zikaishia sebuleni kwake.